Kwenda Nachingwea Kupimwa Fimbo

Fimbo ya pool ya baa haina mwenyewe. Huegemezwa ukutani karibu na friji, ngozi ya ncha imebanduka, mwili umepinda kwa kusimamishwa kona ileile mwaka hadi mwaka, na anayewahi ndiye anayepata yenye nafuu. Wachezaji wazuri wa Temeke na Mbagala wana utaratibu wao. Kabla ya kuweka sarafu mezani, mtu analaza fimbo juu ya kitambaa cha kijani, anaiviringisha kwa kiganja na kutazama inavyorukaruka. Hatafuti iliyonyooka, maana haipo. Anatafuta ile ambayo kilema chake anakijua.

Wenye fimbo zao wenyewe ni wachache. Hutembea nazo begani ndani ya mfuko mrefu, na hawaazimishi. Ukimwomba mmoja wao upige pigo moja tu, atakununulia soda ili yaishe. Wapo wanaoona ni maringo, ila mkono ukishazoea uzito na unene wa fimbo moja, nyingine yoyote huwa ngeni. Stephen Hendry, Mskoti aliyetwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 7, aliutwaa mara zote kwa fimbo ileile ya bei ndogo aliyokuwa nayo tangu utotoni. Ilipovunjikia kwenye mizigo ya ndege mwaka 2003, iliandikwa magazetini kama msiba.

Yangu niliirithi ikiwa maiti. Mjomba wangu alikuwa marka katika klabu moja ya Dar es Salaam, yaani mtu wa kuwapangia mabwana mipira na kuwahesabia pointi, na mwanachama mmoja aliyekuwa akihama nchi alimwachia fimbo yake ya snuka. Snuka ni mchezo wa makambini: maofisa wa jeshi la Uingereza waliubuni Jabalpur, India, mwaka 1875, na huku kwetu ukabaki wa klabuni. Meza yake ni futi 12 kwa 6, nayo haiingii kwenye glosari ya Mtoni Kijichi hata ubomoe ukuta. Pool yenye meza ya futi 7 ndiyo iliyoshinda mitaani. Mjomba alistaafu na fimbo yake, akaiweka juu ya kabati, na mchwa wakapanda ukuta.

Walichokifanya wale mchwa ndicho kilichonisafirisha. Fimbo nzuri ya snuka ni miti miwili. Mbele, theluthi mbili ya urefu, ni eshi, mti mweupe wa nchi za baridi, mgumu na mwepesi, wenye mistari inayopangana kwenye mti mfano wa mishale. Nyuma, mahali pa kushika, ule weupe unaendelea kwa ndani lakini unavikwa vipande vinne vya mti mweusi. Mchwa walikula weupe wa ndani wote wakaacha weusi. Nilipoishika kitako, nilibaki na maganda manne meusi mkononi na unga kwenye viatu. Sehemu ya mbele ilikuwa salama kabisa, imenyooka, na pete yake ya shaba bado iko nchani.

Fundi wa kwanza niliyemwonyesha, wa Keko, alinishauri ninunue ya Kichina. Wa pili alisema hivyohivyo. Pale Mwenge, kwenye vinyago, kijana mmoja aliigeuzageuza akaniambia kwamba wao ni watu wa kuchonga sura, si watu wa kunyoosha. Anayejua kunyoosha mpingo, alisema, ni wale wanaochonga bakora, na bakora aliyowahi kuiona ikamtia wivu ilitoka Nachingwea. Akanipa namba ya simu ya mtu anayemjua mtu.

Kusini nilikuwa sijawahi kuvuka Kilwa. Basi liliondoka Mbagala alfajiri, tukapita Kibiti na Ikwiriri, tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na wazee wa Kusini hadi leo wanaweza kukusimulia walivyolala Ndundu wakisubiri maji. Nangurukuru tukala. Mnazi Mmoja tukaiacha barabara ya Mtwara na kukata kulia: Mtama, Nyangao, Ndanda, Masasi. Masasi nikapanda gari dogo la Nachingwea, nikakaa juu ya gunia la mtu, na vumbi jekundu likatuingia kwa kila tundu.

Nachingwea ina barabara zilizonyooka kupita ukubwa wake, na ukiuliza sababu utaambiwa karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na hapa, wakaleta matingatinga yang'oe pori, wakajenga bandari Mtwara na reli hadi Nachingwea. Mwaka 1951 walikwisha kuutupa mpango huo, baada ya kuteketeza pauni milioni 36. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Kata ya Stesheni ipo hadi leo, treni haipo. Baadaye FRELIMO waliweka kambi yao hapa, na Samora Machel aliwafundisha vita wapiganaji waliokwenda kuikomboa Msumbiji. Wenyeji wanakutajia haya yote kwa mkupuo mmoja, karanga, reli na Samora, kisha wanarudi kwenye bei ya ufuta.

Maana nilifika msimu wa ufuta. Magunia yalikuwa kila baraza, vijana wana hela mfukoni, na kila baa yenye meza ya pool ilikuwa na foleni ya sarafu kwenye ukingo wa meza. Nilitazama mchezo mmoja nikaona fimbo zao: mbili, moja imefungwa utepe wa umeme katikati.

Fundi nilimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, ameketi kwenye kigoda, anasugua kichwa cha bakora kwa kipande cha chupa. Ni mzee wa Kimakonde. Baba yake alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji akiwa mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjomba. Kuni hiyo umeibeba kutoka Dar es Salaam? Huku zipo."

Nikafungua gazeti nililofungia vipande vya fimbo. Alichukua ile sehemu nyeupe kwanza, akaielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja akaitazama urefu wote, akaigeuza robo, akaitazama tena. Kisha akaipigapiga mapajani. Hakusema kitu. Akayachukua maganda manne meusi, akayapanga chini kwenye mchanga, ndani juu, nje chini.

Hapa inabidi nieleze anachokiona mchezaji. Kwenye fimbo nzima, mti mweusi unaingia kwenye mweupe kwa ndimi nne ndefu zenye ncha za mviringo, laini, mithili ya ukucha uliokatwa vizuri. Fimbo za mashine zina ncha kali za pembe. Ncha ya mviringo ndiyo alama ya mkono, na watu hulipa pesa nyingi kwa ajili yake. Miaka yote niliamini kwamba huyo fundi wa Uingereza aliichonga kila ncha ile kwa patasi ndogo, kisha akachonga nafasi yake kwenye mti mweupe, vikaingiana.

Mzee alipitisha kidole upande wa ndani wa ganda. Ulikuwa bapa, umenyooka tambarare kutoka mwisho hadi mwisho. Akachukua la pili, bapa. La tatu, bapa. Akacheka peke yake.

"Hizi ncha hakuna aliyezichonga," alisema. "Zimejitokeza."

Akachukua kipande cha muhogo kilichokuwa kwenye sinia, akakichonga kwa kisu kiwe na umbo la fimbo, chembamba mbele, kinene nyuma. Akakata ubavu mmoja bapa, mkato mrefu unaoanza bila kina na kuishia na kina. Akanionyesha: mahali bapa linapokutana na mviringo, juu kabisa, ukingo wake wenyewe umejipinda kuwa upinde. Ukibandika ubao mweusi juu ya bapa hilo, ukaurandia ufuate mviringo wa fimbo, ule upinde unabaki. Rudia upande wa pili, wa tatu, wa nne. Hakuna patasi. Kazi yote ni randa moja na jicho. Nilisimama na lile swali la miaka likiwa limejibiwa kwa muhogo, na mkewe akaja akauliza nani amekata chakula cha watu.

Kisha akanipima. Bakora hupimwa mtu akiwa amesimama, mkono umening'inia, kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini, na alianza hivyo kwa mazoea, akaacha. Akaniuliza fimbo hii inafanya kazi gani hasa. Nikamweleza. Akaweka ubao juu ya mapipa mawili, akaweka ndimu juu ya ubao, akanipa ufito wa mwanzi.

"Piga."

Nikainama, nikapiga ndimu. Ikaenda kwa kuku.

"Tena. Mimi siangalii ndimu."

Alikuwa anaangalia mkono wangu wa nyuma. Kila nilipopiga aliweka alama ya chaki kwenye ufito pale ulipoishia mkono wangu, na alama zikakusanyika mahali pamoja, upana wa vidole viwili. Akapima kutoka hapo hadi kwenye daraja la mkono wa kushoto, akapima unene wa kiganja changu kwa uzi. Fimbo za dukani nyingi ni inchi 57 au 58. Yeye hakuuliza za dukani; alipata inchi 57 na nusu kutoka kwenye mabega yangu. Aliniambia pia kwamba nashika kwa nguvu mno, na kwamba kitako kiwe kinene kidogo ili vidole visipate la kukaba. Nimefundishwa na makocha wa baa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Nilisema nataka fimbo yote iwe ya mpingo. Watu wote huanza hivyo, nadhani. Umefika kwenye mpingo, uombe nini kingine? Mzee alikataa papo hapo. Mpingo unazama kwenye maji. Ukiuweka mbele, fimbo itainamia chini mkononi, na uzito wote utakuwa pale unapotaka wepesi. Alikishika tena kile kijiti cheupe cha eshi, akakiinamisha kidogo kwa vidole, akakiachia, kikarudi kimenyooka. "Huu ndio fimbo," alisema. "Mweusi ni mpini." Nilipata kuona baadaye kwamba sifa zote hupewa mpini, watu wa Dar wakiishika fimbo yangu macho yanakwenda nyuma, kwenye weusi, na hakuna anayeuliza mti wa mbele.

Tatizo lilikuwa mti. Kipande kirefu alichokuwa nacho kilikuwa na ufa wa moyoni, na vizima vilikuwa vya bakora za watu. Asubuhi tukapanda gari la Ruangwa, mimi na yeye.

Ruangwa siku hizi inajulikana kwa vitu vitatu: jimbo lililokuwa la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, Namungo FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kuifanya timu ya Dar isafiri hadi huku kuja kutoa jasho, na kinywe, madini meusi yanayowaleta wageni wenye kofia ngumu. Mji una haraka ambayo Nachingwea haina. Lakini sisi hatukukaa mjini. Tulichukua bodaboda hadi kijiji kimoja chenye msitu wake, ambako mpwa wa mzee ni mjumbe wa kamati ya maliasili.

Jambo hili la msitu wa kijiji linastahili maelezo, kwa sababu bila hilo nisingethubutu kusafiri na kipande cha mpingo hata cha ukubwa wa kalamu. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kijiji kinaweza kutenga sehemu ya ardhi yake iwe msitu wa hifadhi wa kijiji, kikaandaa mpango wa uvunaji, kikauza miti yake kwa utaratibu na fedha zikabaki kijijini. Kilwa walitangulia: mwaka 2009 Kikole na Kisangi walipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Baadaye Ruangwa, Nachingwea na Liwale zikaingia kwenye mradi wa FORVAC uliofadhiliwa na Finland kuanzia 2018. Mpwa wa mzee alinionyesha gogo lenye alama ya nyundo, namba imegongwa kwenye mti, na daftari lenye namba hiyohiyo. Alikuwa na fahari ya karani.

Akanionyesha pia mti uliosimama, na hapo nilikatishwa tamaa, sisemi uongo. Mpingo hauna urembo. Ni mti mfupi wenye mashina mengi yaliyosokotana, gome la kijivu, miiba kwenye matawi, na kwa kuwa ilikuwa kiangazi majani yalikuwa yameanza kupukutika. Hakuna mahali ulipokwenda sawa kwa urefu wa mkono. Moto wa nyika umeupitia na haukuuua. Unaweza kuchukua miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kukatwa, na ukiukata unakuta ganda la rangi ya maziwa ya mgando na ndani yake moyo wa zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi. Moyo huo ndio unaokwenda Ulaya kuwa klarineti na zumari, vipande vifupivifupi, kwa kuwa virefu vilivyonyooka havipatikani. Tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, pamoja na jamaa zake wote wa jenasi ya Dalbergia.

Sisi tulitaka mabaki. Kwenye banda kulikuwa na rundo la vipande vilivyokataliwa na mnunuzi wa magogo, vimepakwa nta miishoni visikauke haraka na kupasuka, vingine vikiwa na umri wa misimu kadhaa. Mzee alivua viatu, akaketi, akaanza kugonga. Anashika kipande kwa vidole viwili, kinaning'inia, anakigonga kwa ufunguo wa mlango wake. Kizima kinalia kengele, sauti inabaki hewani. Chenye ufa kinasema tu "ko". Alivigonga vingi sana, na nilianza kusikia tofauti, ingawa kila niliposhangilia kimoja yeye alikuwa amekwisha kukitupa pembeni. Mwisho alichagua viwili, kila kimoja kirefu kidogo kupita dhiraa. Tukapewa stakabadhi. Mpwa aliandika "mabaki, vipande 2" akagonga muhuri kwa nguvu ya kuvunja meza.

Kazi yenyewe ilifanyika Nachingwea, taratibu. Kwanza alikata ile sehemu ya eshi iliyoliwa hadi alipofikia mti mzima, akaunga nyuma yake kiini kipya cha mninga kwa mkato mrefu wa mlalo, mti juu ya mti, ili kiungo kifunikwe chote na mpingo. Alichagua mninga kwa kuwa haugeuki ukishakauka; milango yote ya nyumba yake ni mninga. Kisha akapasua mpingo kwa msumeno wa mkono. Msumeno ulilia vibaya, na kila baada ya muda aliacha akaunoa meno kwa tupa. Vumbi lake ni la zambarau na linawasha pua. Alijifunga kipande cha kanga usoni, mimi nikapiga chafya hadi machozi.

Akaranda bapa la kwanza kwenye kiini. Alilipima kwa kulibandika kwenye kioo cha dirisha kilichopakwa masizi: palipogusa pakawa peusi, palipo na bonde pakabaki peupe, akaranda peusi, akabandika tena. Bapa la mpingo nalo hivyohivyo. Yalipokutana, nilishindwa kupitisha ukucha. Akapaka gundi, akabana kwa kuzungusha ukanda wa tyubu ya baiskeli, aliouvuta kwa meno na mikono, mzunguko juu ya mzunguko, hadi fimbo ikavimba. Hakugusa ubavu wa pili mpaka wa kwanza ulale usiku kucha.

Hivyo nilikuwa na jioni nyingi za bure. Nilicheza pool na wauza ufuta, nikafungwa na kijana mmoja anayepiga kwa mkono wa kushoto na ile fimbo yenye utepe wa umeme. Nilipomwambia nasubiri fimbo, aliuliza ni bei gani. Nikamtajia. Akauliza tena, akidhani hakusikia.

Ndimi zilipotokeza nilikuwepo. Mzee alikuwa ameyabandika mabapa yote manne, na fimbo kwa nyuma ilikuwa mche wa pembe nne, mbaya, mweusi. Akaanza na randa kubwa kuondoa pembe, akaja na ndogo, akaja na kipande chake cha chupa. Weusi ulikuwa unarudi nyuma kila anapopitisha, na mbele yake mweupe unachungulia, kwanza alama isiyo na umbo, kisha mkunjo, kisha upinde. Akageuza. Upinde wa pili ulikuwa umepitiliza wa kwanza kwa upana wa punje ya mchele. Akatia randa mara mbili, akapima kwa uzi uliozungushwa fimbo, zikalingana ndimi zote nne. Mke wake alikuja kuangalia, akasema sasa anaelewa muhogo ulikokwenda.

Uzito ulitupeleka dukani. Mwenye duka aliilaza kwenye mizani yake ya sukari: gramu 410. Nilihitaji karibu na nusu kilo, kwa kuwa fimbo nyepesi hupigwa kwa nguvu ya bega na mpira huyumba. Nilishangaa, maana nilidhani mpingo ungetosha, lakini mpingo umekuwa gamba tu na ndani ni mninga. Mzee hakushangaa. Alitoboa kitako kwa keekee, akatia risasi za nyavu, zile wanazotumia wavuvi wa Lindi, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja akaning'iniza fimbo juu ya kidole kuona inalala wapi. Ilipolala juu ya kidole inchi 17 kutoka kitakoni, akaacha. Mizani ikasema 492. Mwenye duka akauliza kama tunanunua sukari au hatununui.

Mafuta ya kitani, kitambaa, kusugua, kuanika kivulini, kusugua tena. Bei aliyotoza ilikuwa ya bakora mbili. Nikaongeza, akakataa, nikamwachia mkewe kwenye sinia.

Ofisi ya misitu nilikwenda na stakabadhi ya kijiji ili niandikiwe hati ya kusafirishia. Ofisa aliishika fimbo, akainama juu ya meza yake, akalenga chupa ya gundi. Kisha akaketi na kutafuta cha kuandika kwenye safu ya aina ya zao. Gogo, mbao, nguzo, samani: hakuna. Akaandika "fimbo ya mchezo", idadi 1.

Nilirudi kwa njia ya Ruangwa na Nanganga, na Ruangwa nikalala ili niijaribu. Baa ilikuwa na wachimbaji wa kinywe. Mipira ilikuwa mikuukuu, kitambaa kimeraruka karibu na shimo la kona, na sakafu imeinama upande wa choo. Fimbo ilipiga sauti tofauti na zile za ukutani, kavu na fupi. Nilifungwa mchezo wa kwanza kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye weusi mkononi. Wa pili nikashinda. Mchimbaji mmoja, mtu wa Kahama, aliomba kuishika. Nikamnunulia soda. Akaomba tena, nikampa namba ya mzee.

Amekwisha kumpigia. Na yule wa mkono wa kushoto wa Nachingwea ameweka oda yake, atalipa korosho zikiuzwa. Mzee alinipigia wiki iliyofuata, hakuuliza hali yangu hata kidogo: mpingo anao, mninga anao, anataka vijiti vyeupe. Amejaribu mkole, unapinda. Amejaribu mninga mbele, ni laini, ncha inachakaa. Anataka ule wa Ulaya. Tangu hapo nazunguka klabu za mjini nikiuliza marka wa leo kama wana fimbo za snuka zilizovunjika kitako. Wengi wanazo, zimetupwa stoo nyuma ya viti vibovu, na hawajui kwa nini mtu anazitaka. Mbili nimezifunga kwenye bomba la plastiki nikampa kondakta wa basi la Masasi pale Mbagala, nauli ya mzigo elfu tano, na mzee ametuma ujumbe kwamba moja ina ufa na niwe nagonga kabla ya kununua.